Jang'ad Bura na Shamba la Mikayi

Nianze kwa kutenga niliyoyaona na niliyoyasikia, kwa sababu msomaji ana haki ya kujua anasimama juu ya nini. Niliona mashamba mawili ya mahindi katika boma la marehemu kaka yangu, kwenye miinuko iliyo upande wa Magunga, nikashuhudia majani yake yakihesabiwa kwa kidole. Niliwaona wajane wake wawili, nikamsikiliza kila mmoja kwa masikio yangu. Nilimwona mwana wa kwanza wa kaka yangu akilia, jambo ambalo hakutaka nilione. Lakini sikuziona mbegu zikiingia ardhini msimu ule wa masika. Kuhusu hilo nina maneno ya mtu mmoja tu, na nitayaandika kama maneno yake.

Kuhusu neno la kumwita mwenye kuhukumu, katika lugha niliyozaliwa nayo ni jang'ad bura. Bura ni kikao kinachosikiliza shauri, na pia ni shauri lenyewe. Ng'ado ni kukata. Jang'ad bura, basi, ni mkata bura. Hayo nayajua. Kwa nini shauri likasemwa kwamba linakatwa, sijui, nimeambiwa tu. Katekista mmoja mzee wa Asumbi aliniambia kwamba zamani, aliyeaminiwa kugawa nyama ya fahali bila nyumba yoyote kunung'unika, ndiye aliyekuja kuaminiwa kugawa maneno. Karani mmoja wa Homa Bay alilikataa hilo, akasema kinachokatwa ni kamba ambayo wagombanao wanavutana. Maelezo yote mawili ni mazuri, na uzuri wake ndio unaonitia shaka. Niliyaandika katika daftari langu chini ya kichwa "Nimesikia", na hadi leo hayajahamia ukurasa mwingine.

Ninachoweza kukithibitisha ni kwamba baba yangu aliitwa kwa jina hilo, na kwamba nilimwona akifanya kazi hiyo mara nne. Hakushika kisu wala kamba. Aliketi kwenye kigoda chake, akamwuliza kila aliyesimama swali moja: uliona nini? Jibu likianza na "wanasema", aliugeuza uso wake pembeni, akautazama ukuta mpaka msemaji aishiwe na pumzi. Nilikuwa mdogo, nikadhani ana kiburi. Baadaye nilipopata kazi mahakamani na kusikia mawakili wakipinga ushahidi wa kuambiwa, nilijua kwamba sheria hiyo nilikuwa nimeshafundishwa nyumbani, na mtu asiyejua kusoma.

Kiswahili kina maneno yake. Hakimu limetoka katika Kiarabu, nalo ni ndugu wa hekima. Hilo nimelisoma katika kamusi, na kamusi ni shahidi anayeweza kuulizwa tena. Mwamuzi limetokana na kuamua, kitenzi ambacho watu hukitumia pia kwa yule anayeingia katikati ya wanaopigana. Mwenzangu mmoja, mtu wa Ntimaru, aliyekuwa akitafsiri Kikuria tulipofanya kazi pamoja Migori, alinieleza kwamba kwao shauri zito hupelekwa mbele ya iritongo, yaani mkutano wa jamii nzima, na kwamba hakuna mtu mmoja anayeweza kurudi nyumbani akisema, nimehukumu mimi. Sijawahi kuketi katika iritongo. Namwachia mwenyewe maneno yake.

Mimi sikuwa hakimu. Nilikuwa mkalimani wa mahakama, Homa Bay kwanza na kisha Migori, kwa miaka thelathini na mmoja. Maneno ya hakimu yalipita kinywani mwangu yakatoka kwa Kijaluo, na kwa kuwa washtakiwa wengi walisikia hukumu yao kwa sauti yangu, walinigeukia mimi walipotaka kushukuru au kulaani. Sokoni akina mama walinisalimu, "Jang'ad bura, habari za nyumbani?" Nami niliwasahihisha kila mara, kwa urefu, mpaka marehemu mke wangu akawa ananivuta mkono. Alisema mtu anayekataa salamu atakuja kununua samaki waliooza.

Mwaka mmoja uliopita, majuma machache baada ya mvua za masika kuanza, mwana wa kwanza wa kaka yangu alinipigia simu kutoka Migori, anakofanya kazi. Sauti yake ilikuwa ya chini. Alisema kule nyumbani mama mdogo, yaani mke wa pili wa baba yake, amevunja mwiko wa kupanda, kwamba mama yake amelia siku mbili, na kwamba mtoto wake mwenyewe wa mwisho ana homa isiyoshuka. Aliomba nifike.

Lazima nieleze mwiko huo kwa asiyeujua. Katika boma la Kijaluo lenye wake zaidi ya mmoja, mke wa kwanza, anayeitwa mikayi, ndiye anayetangulia kupanda. Mkono wake ukishaingiza mbegu ardhini, ndipo wa pili, nyachira, afuate. Palizi ni vivyo hivyo, mavuno vivyo hivyo. Mume akifa, utaratibu haufi naye. Anayetangulia mwenziwe amevunja kwer, yaani mwiko, na wengi huamini kwamba uvunjaji huo huleta chira, ugonjwa wa kukonda unaoweza kumwangukia hata mjukuu asiyejua kosa ni nini. Mimi ni Mkristo na sijawahi kumwona mtu akifa kwa chira. Nimewaona, hata hivyo, watu wakifa kwa hofu ya chira, wakiwa wamekataa dawa. Kwa hiyo sikucheka. Nilimwuliza kwanza kama mtoto amepelekwa hospitali. Alisema amepelekwa, ni malaria, anameza dawa. Nikamwambia aendelee kumpa dawa hizo, nami nitafika Jumamosi.

Lazima pia nikiri jambo moja kabla sijafika huko. Nilikwenda nikiwa nimeshamhukumu nyachira moyoni. Kaka yangu alipomwoa, mimi nilikataa kuhudhuria, kwa sababu niliambiwa kwamba mwanamke huyo aliwahi kumkimbia mume wa kwanza akamwacha mgonjwa kitandani. Niliambiwa na nani? Na mtu aliyeambiwa. Mimi, mwana wa mtu aliyegeuza uso ukutani mbele ya watu wengi, nilikuwa nimelitunza neno hilo kwa zaidi ya miaka ishirini kama mtu anavyotunza cheti.

Boma la kaka yangu lina nyumba mbili zinazotazamana kwa pembe, ya mikayi ikiwa imeelekea lango, ya nyachira ikiwa upande wa kulia. Nyuma yake kuna mashamba yao mawili yaliyotengwa na mkonge. Mbali kidogo unaona mbuga ya Ruma, ambako nyani hutoka kuja kuiba. Wanawake hao wawili wanaishi peke yao. Watoto wa mikayi wako mijini. Binti pekee wa nyachira ameolewa visiwani.

Mikayi alinipokea mlangoni, mama wa miaka themanini na kitu, mwembamba, kitambaa cheupe kichwani.

"Umekonda, shemeji," alisema. "Maneno ya watu uliyoyala miaka yote hayakukushibisha?"

Nilimjibu kwamba yalikuwa makavu. Akacheka, akanishika mikono yote miwili, kisha akaniuliza mke wangu hajambo.

Mke wangu nilimzika miaka mitano iliyopita. Mikayi alikuwepo, alilala kwetu siku nne, akaimba. Nilimwambia kwa upole kwamba alifariki. Uso wake ulivunjika kana kwamba habari imefika wakati ule, akaketi kwenye kizingiti, akalia. Nilisimama pale nikiwa sijui mikono yangu niiweke wapi. Tulipokuwa tukinywa chai aliniuliza tena. Nikamjibu tena, naye akalia tena, kilio kilekile kizima. Mara ya tatu, alipouliza mke wangu hajambo, nilitafuta jibu ambalo ningeweza kuliapia na ambalo lisingemwumiza. Nikasema, "Alikupenda sana, shemeji." Akatabasamu, akasema, "Najua. Mwambie aniletee mbegu za mboga ya akeyo."

Tuliketi watu wanne mbele ya nyumba ya mikayi: yeye, nyachira, kijana wangu aliyetoka Migori, na mimi. Kijana nasema, ingawa ana mvi. Alisimama, akazungumza vizuri, kwa mpangilio.

Alisema kwamba alipofika nyumbani aliona mahindi yameota katika mashamba yote mawili. Mama yake akamwambia kwamba yeye bado hajapanda. Kijana aliingia jikoni, akaona mahindi ya mbegu ya mama yake bado yananing'inia juu ya moshi, mazima. Kwa hiyo akaelewa kilichotokea: mama mdogo alipanda lake kwanza mvua ilipowahi, kisha akaogopa, akapanda la mikayi ili kufunika kosa. Hakutaka fidia yoyote. Alitaka jambo moja: mama mdogo aondoke, akaishi na binti yake kisiwani, ili boma lisafishwe kabla mtoto hajafa.

"Baba mdogo, wewe umekaa na mahakimu," alimalizia. "Kata bura hii. Ukisema abaki, atabaki. Ukisema aende, nitambebea mizigo mimi mwenyewe mpaka kwenye mashua, kwa heshima. Lakini ukate."

Nilimgeukia nyachira, nikamwuliza anasema nini. Alikuwa ameketi chini, miguu ameinyoosha mbele, mama mwenye mifupa mikubwa, mikono ya mtu anayefanya kazi. Alisema mikayi ndiye aliyetangulia. Nikamwuliza nani aliona. Akanyamaza. Nikamwuliza mara ya pili, kwa sauti ninayoijua, ile ya mahakamani. Akainamisha kichwa, akasema, "Sina shahidi wa kumleta hapa." Mikayi akaguna, akasema kwamba yeye hajapanda, na katika ndoa yake yote hajawahi kuona mtoto akizaliwa kabla ya mama yake.

Mahakamani hapo pangetosha. Kuna mahindi ya mbegu, kuna kauli ya mlalamikaji, kuna ukimya wa mshtakiwa. Nilijua hukumu ningeitafsiri vipi. Lakini mbele yangu hapakuwa na hakimu wa kumtafsiria, na nilikuwa nimeona kitu ambacho kijana, aliyekuja nyumbani kwa haraka, hakukiona: mwanamke aliyemlilia mke wangu mara mbili, kilio kizima, kabla chai haijaisha. Nikasema tusimame twende shambani.

Nilimtaka kijana ahesabu mwenyewe. "Usiniambie ulichoelewa," nilimwambia. "Niambie majani mangapi." Akachuchumaa kwenye shamba la nyachira, akahesabu mashina kumi niliyomwonyesha, kisha tukavuka mkonge akahesabu kumi ya mikayi. Ya nyachira yalikuwa na majani matano, machache manne. Ya mikayi yalikuwa na saba, na shina moja nane. Alirudia. Akasema huenda ni samadi. Nikamwambia samadi hunenepesha jani na kulirefusha, bali haiwezi kumfanya wa Jumatano aonekane amezaliwa Jumatatu. Alikuwa mtu wa haki, alikubali.

Kisha akasema neno lililonipa taabu kuliko lile la kwanza. Alisema: sawa, shamba la mama lilitangulia. Lakini nani alilipanda? Kama mkono wa mama haukuingiza mbegu, mikayi hakutangulia. Ametanguliwa na mtu aliyejifanya yeye. Na mama mwenyewe anasema hakupanda.

Nikasema tutamaliza kesho asubuhi.

Alasiri hiyo nilikwenda jikoni kwa nyachira. Alikuwa akichambua mboga. Nilibaki mlangoni, maana sikuwahi kuingia katika nyumba yake tangu aolewe, naye alilijua hilo, akanisogezea kigoda. Nilimwambia kwamba nimemwona mikayi akisahau. Alikata bua moja, la pili, la tatu.

"Shemeji, usiniulize hilo mbele ya mwanawe," alisema.

"Nakuuliza hapa."

Haya ndiyo maneno yake, na mimi sikuyaona yakitendeka. Alisema alfajiri mvua iliponyesha alimwamsha mikayi, akamshika mkono mpaka shambani. Mikayi alipanda mstari mmoja kwa mkono wake mwenyewe, akachoka, akaketi. Nyachira akamalizia mistari mingine kwa ajili yake, na lake mwenyewe hakuligusa mpaka siku ya nne. Ilipofika adhuhuri ya siku ile ya kwanza, mikayi alikuwa ameshasahau kwamba alitoka nyumbani. Siku tatu baadaye alitoa mahindi mengine ghalani, akayatundika juu ya moshi yakauke kwa ajili ya kupanda.

"Sikuwa na moyo wa kuyashusha," alisema.

Nilimwuliza kwa nini hakuyasema hayo tukiwa tumeketi, ilhali yangemwokoa. Alinitazama kwa mara ya kwanza siku ile, moja kwa moja.

"Wakijua, watamchukua wampeleke Migori, wamfungie ghorofani. Atakuwa anauliza lango liko wapi. Mimi nikienda kisiwani, angalau yeye atabaki na nyumba yake."

Nilimwuliza, yeye akienda, nani atamshika mikayi mkono alfajiri. Akasema, "Hilo nimelifikiria usiku wote, shemeji. Sijapata jibu. Wewe ndiye uliyesoma."

Nilibaki kwenye kigoda chake mpaka mboga zikaiva, nikala kwake ugali, nikamwomba radhi kwa kutokuja harusini. Hakuniuliza sababu. Sikuitaja.

Asubuhi nilitangulia shambani peke yangu. Nilikuwa na kauli moja ya mtu mwenye maslahi, na kauli hiyo ilisema mstari mmoja ulikuwa tofauti na mingine. Kama ni kweli, ardhi itakuwa imeihifadhi tofauti hiyo. Na ilikuwa imeihifadhi. Mistari yote ilinyooka kwa kamba, mashina yakiwa yameachana kwa kipimo cha fimbo, kama maofisa wa kilimo wanavyofundisha. Mstari wa kwanza pekee, ulio karibu na mkonge, ulikwenda upande, ukarudi, na mashina yake yalibanana.

Nilichuchumaa hapo kwa muda mrefu kuliko magoti yangu yanavyopenda. Niliujua mbano huo. Nilipokuwa mvulana, mikayi akiwa bibi arusi mpya, nilimwona akipanda katika shamba la mama yangu kwa kupima na mguu wake, kisigino kikigusa shimo la nyuma na ncha ya dole gumba ikionyesha shimo la mbele. Mama alimgombeza kwamba anamaliza mbegu za watu kwa mguu mdogo namna ile. Hakuacha. Hilo nililiona mimi, sikuambiwa.

Walipofika wote watatu, nilimwomba mikayi avue kandambili. Mwanawe alishangaa, akasema udongo una baridi. Mikayi alimwambia anyamaze, udongo ni wake. Nikamwonyesha shina la kwanza la mstari wa kwanza, nikamwomba aweke kisigino hapo.

Aliweka. Dole gumba likafika kwenye shina la pili. Aliutazama mguu wake. Akasogeza mguu mwingine mbele, kisigino kwenye la pili, na dole likafika kwenye la tatu. Akaendelea. Alikwenda hatua kwa hatua akiushika mkonge kwa mkono mmoja, na mstari ulipopinda naye alipinda, na kila kisigino kilikuta shina. Alipofika kama la ishirini alisimama.

"Nani amepanda kwa mguu wangu?" aliuliza.

Mguu wa nyachira, uliokuwa palepale kando yake ndani ya buti la mpira, ulikuwa mkubwa mara moja na nusu.

"Ni mimi," mikayi alisema. Akamgeukia mwanawe, akiwa amekasirika kidogo, kama mtu aliyecheleweshwa. "Nilipanda. Mbona unaniambia sikupanda?"

Hapo ndipo kijana alipoelewa mambo mawili kwa pamoja, kwamba mwiko haukuvunjwa na kwamba mama yake anaondoka polepole akiwa bado amesimama. Aligeuka upande wa mbuga kana kwamba ameona nyani. Niliona mabega yake. Nyachira alikwenda akasimama karibu naye, hakumgusa, akamwambia kwa sauti ya kawaida kwamba chai iko tayari.

Nilikuwa nimetumaini kumsitiri mikayi, na sikuweza. Ardhi ilisema yote au isingesema lolote. Nilichojaribu kufanya baada ya hapo ni kuzuia ukweli huo usitumiwe dhidi yake. Kijana alianza, kama nilivyotazamia, kusema kuhusu Migori, daktari, chumba kilicho wazi. Nilimwambia daktari ni sawa, ampeleke na amrudishe siku hiyohiyo. Kisha nikasema hukumu yangu, ya kwanza na ya pekee maishani, nami niliisema nikiwa nimesimama, kama hakimu wangu wa mwisho alivyopenda: mikayi alitangulia; nyachira alifuata; wote wawili wanabaki katika boma hili, na yeyote anayetaka kumwondoa mmoja awe tayari kuja kumpandisha mwingine alfajiri.

"Na mbegu zikipandwa tena," niliongeza, "nitakuwepo mimi, nione."

"Kumbe hii bura umeikata kwa miguu ya mama," kijana alisema akipangusa uso. Ndio mzaha wa kwanza niliousikia kwake tangu afike.

Nimelifikiria neno hilo mara nyingi tangu siku ile. Sikukata chochote. Nilichofanya kinafanana zaidi na yule anayeingia katikati ya wawili, na hata hapo ugomvi wenyewe haukuwa baina ya wale wawili. Mmoja alikuwa akimlinda mwenziwe na mwenziwe hakujua. Labda katekista alikuwa na lake la kweli, labda karani. Katika daftari maelezo yao bado yako chini ya "Nimesikia". Lakini nyachira aliponisindikiza hadi langoni na kuniita jang'ad bura, akicheka kwa kuwa alijua nalichukia jina hilo, sikumsahihisha.

Mtoto alipona. Hilo nilithibitishiwa nilipomwona Migori mwezi uliofuata, akipanda juu ya meza na kuteremka.

Vuli ilipokaribia, nyachira alinipigia simu akaniambia mawingu yanajikusanya. Nilifika jioni, nikalala katika boma la kaka yangu, na mapema asubuhi, mvua ikiwa imekatika, tulikwenda shambani watatu. Mikayi hakunitambua mara moja. Aliniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nilimtajia baba yangu. Akasema anamjua, ni mtu mgumu.

Nyachira alichimba shimo la kwanza, akasogea nyuma akasimama na jembe. Hakugusa mbegu. Mikayi aliingiza mkono kwenye kibuyu akatafuta kwa muda, midomo ikihesabu. Habari za mavuno yaliyofuata nilipewa kwa simu, kwa hiyo siziandiki. Punje alizotoa zilikuwa tatu. Aliziangusha moja moja, akazifukia kwa mguu, nami nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka pale.